Kabla ya kuuliza megapikseli, pima kasi ya kupakia: kamera tatu nilizotumia nyumbani

Mimi ni mkunga, na wiki mbili katika kila nne huwa zamu ya usiku. Nyumbani nawaacha watoto wawili na mama yangu mzazi, ambaye magoti hayamruhusu tena kuamka upesi kwenda kuchungulia dirishani. Nilinunua kamera kwa haja moja tu: nifungue simu saa nane usiku, katikati ya kazi, nilione geti langu. Nilione papo hapo, si kesho yake. Hukumu zote nitakazotoa hapa chini zimetokana na haja hiyo. Kama wewe unataka rekodi ya kuangalia jioni ukirudi, baadhi ya niliyoyakataa yatakufaa.

Kamera ya kwanza nilikaa nayo miezi minne. Usiku mmoja mama alinipigia saa nane na dakika ishirini, akaongea kwa kunong'ona: "Mwanangu, kuna mtu anatikisa geti." Nikafungua programu ya kamera. Kile kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka. Kikazunguka, kikazunguka. Picha ilipokuja, nusu ya juu ilikuwa imeganda na nusu ya chini ilikuwa vipande vya kijivu, halafu ikapotea. Nikamwambia mama azime taa ya sebuleni na asisogelee mlango, nikampigia jirani. Jirani alitoka na tochi, na yeyote aliyekuwa pale akaondoka. Asubuhi nilitafuta rekodi. Kilikuwepo kipande cha sekunde nne kinachoonyesha mkono juu ya komeo, kisha kikakatika. Kipande kilichofuata kilianza dakika tatu baadaye, na geti lilikuwa tupu.

Nilikasirika sana, kwa sababu niliinunua kamera hiyo kwa kujinyima. Ilikuwa na megapikseli 8, ndiyo ile wanayoiita 4K, na mchana picha zake zilikuwa safi kiasi cha kuhesabu majani ya mti. Nilidhani ni mbovu. Nikaifungasha ili niirudishe.

Mdogo wangu wa kiume ni fundi wa mitandao. Alikuja Jumamosi, akaitazama kamera kwenye boksi, akaniuliza swali ambalo hakuna muuzaji aliyewahi kuniuliza: "Dada, intaneti yako inapandisha ngapi?"

Nikamjibu megabiti 40 kwa sekunde, maana ndivyo mkataba unavyosema. "Hiyo ni ya kushuka," akasema. "Mimi nauliza ya kupanda."

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na naomba unisikilize hata kama utaruka yaliyobaki. Intaneti ya nyumbani ina njia mbili. Kuna kasi ya kupakua, yaani vitu kuja kwako: video unazotazama, kurasa unazofungua. Kuna kasi ya kupakia, yaani vitu kutoka kwako kwenda nje. Matangazo hutaja ya kwanza kwa herufi kubwa, kwa kuwa ndiyo watu wengi huitumia. Kamera ya ulinzi hufanya kinyume cha televisheni. Haileti kitu ndani, inatoa nje. Inategemea ile njia ya pili, ambayo kwenye huduma nyingi ni nyembamba mno. Laini za simu za shaba zenye ADSL2+, kwa mfano, zinaweza kushusha hadi megabiti 24 kwa sekunde, lakini kupandisha kwake kwa kawaida hubaki karibu na megabiti 1. Intaneti ya simu hupanda na kushuka kufuatana na umbali wa mnara na wingi wa watu waliounganishwa kwa saa hiyo. Baadhi ya huduma za faiba hutoa kasi sawa pande zote mbili, na mwenye hiyo ana uhuru mkubwa wa kuchagua.

Mdogo wangu hakupima mara moja akaondoka. Alinipa daftari, akaniambia nipime kwa siku tatu: asubuhi, saa mbili usiku wakati kila nyumba iko mtandaoni, na saa tisa usiku. Nipime nikiwa nimesimama pale kamera inapokaa, si kando ya ruta. Haya ndiyo yaliyotoka: kushuka kulikuwa kati ya megabiti 31 na 38, mkataba haukudanganya sana. Kupanda kulikuwa 1.6 asubuhi, 0.9 saa mbili usiku, na 1.8 saa tisa usiku.

Sasa weka namba hizo kando ya kamera yangu. Mipangilio yake ilisema inatoa megabiti 8 kwa sekunde. Nikipunguza ubora hadi "wa kati", bado ilitaka 3. Nilikuwa namtaka mtu apitishe kabati kwenye tundu la ufunguo. Tena haikuwa inajiharibia yenyewe tu. Watoto walikuwa wakilalamika kwamba simu za video na bibi yao mwingine zinakwama jioni, nami nikawa nalaumu ruta. Mdogo wangu alinieleza kwamba hata unapopakua kitu, kompyuta yako hutuma risiti ndogo ndogo kurudi upande wa pili kusema "nimepokea, endelea". Njia ya kupanda ikijaa picha za kamera, risiti hizo hukaa foleni, na kila kitu ndani ya nyumba huonekana kizito hata kama kasi ya kushuka haijaguswa.

Kile kipande cha sekunde nne nacho kikapata maelezo. Kamera ile ilikuwa haihifadhi chochote ndani yake, ilipeleka kila tukio kwenye hifadhi ya mtandaoni. Tukio la sekunde 20 kwa megabiti 8 ni megabiti 160. Ukizigawa kwa njia ya 1.6, unapata sekunde 100 za kupandisha. Ukizigawa kwa 0.9, ni karibu dakika tatu. Hiyo ni iwapo hakuna mwingine anayetumia mtandao. Tukio la pili lilikuwa linagonga mlango kabla la kwanza halijatoka.

Kwa hiyo kamera ya kwanza haikuwa mbovu. Nyumba yenye faiba ya megabiti 20 za kupanda ingeifurahia. Kwangu ilikuwa haifai, na kwa sababu haikuwa na sehemu ya kuweka kadi wala chaguo la kushusha mkondo, yaani video inayotiririka kutoka kwenye kamera, chini ya megabiti 3, sikuwa na namna ya kuiokoa. Naipa nyota 2 kati ya 5, na moja kati ya hizo ni ya lenzi yake. Wahenga walisema ukubwa wa pua si wingi wa makamasi.

Kamera ya pili niliichagua kwa daftari mkononi, na sikuanza na picha. Nilianza na maswali manne niliyoandikiwa na mdogo wangu. Je, ina sehemu ya kadi ya kumbukumbu? Je, inatoa mikondo miwili, mkuu na mdogo? Je, inaweza kubana video kwa H.265? Je, naweza kuiwekea kikomo cha megabiti kwa mkono wangu? Wauzaji wawili hawakuelewa hata swali la pili. Wa tatu alifungua boksi, tukasoma karatasi ya maelezo pamoja, nikanunua kwake.

Ni kamera ya megapikseli 3, yaani pikseli 2304 kwa 1296. Kwenye karatasi ni chini ya nusu ya ile ya kwanza. Lakini inavyofanya kazi ndivyo nilivyohitaji. Mkondo mkuu, wenye picha kamili, hauendi popote: unaandikwa kwenye kadi iliyo ndani ya kamera yenyewe, kwa hiyo intaneti hata haijui kama upo. Mkondo mdogo, pikseli 640 kwa 360, ndio unaokuja kwenye simu yangu ninapofungua kuangalia moja kwa moja. Huo nimeuwekea kikomo cha megabiti 0.4. Hata saa mbili usiku, kupanda kukiwa 0.9, unapita na nafasi inabaki. Kwenye kioo cha simu cha ukubwa wa kiganja tofauti ya picha huioni sana. Namwona mtu, naona amevaa nini, naona anafanya nini. Nikitaka sura, nachagua dakika ile kwenye kadi, naiomba kamera initumie kipande hicho tu kwa ubora kamili, nasubiri kidogo.

H.265 ni namna ya kubana video iliyosanifiwa mwaka 2013, mrithi wa H.264 ya mwaka 2003. Kwa picha ya ubora uleule hutumia karibu nusu ya nafasi. Kamera nyingi sasa zinayo, lakini hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa H.264 ili simu na kompyuta za zamani zisishindwe kuifungua. Ingia kwenye mipangilio uibadilishe, kisha ujaribu simu zote za nyumbani. Simu ya zamani ya mama ilishindwa kuonyesha mkondo mkuu, ila ule mdogo, ambao tumeuacha kwenye H.264, inaufungua vizuri.

Kuna hesabu moja niliyoandika nyuma ya daftari na naitumia kila mara: megabiti 1 kwa sekunde, mfululizo usiku na mchana, ni gigabaiti 10.8 kwa siku. (Megabiti si megabaiti. Baiti moja ni biti 8, na hapo ndipo watu wengi hukosea mara nane.) Mkondo wangu mkuu una megabiti 1.2, kwa hiyo unakula karibu gigabaiti 13 kwa siku, na kadi ya gigabaiti 128 inanihifadhia siku 9 hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. Hesabu hiyohiyo inamhusu mwenye bando la intaneti lenye kikomo. Kamera inayopeleka megabiti 2 mfululizo kwenye hifadhi ya mtandaoni hutoa gigabaiti 21.6 kwa siku, karibu 650 kwa mwezi. Bando lako litakwisha nawe hujatazama hata filamu moja. Mimi nikitazama mkondo mdogo kwa saa nzima natumia megabaiti 180. Matukio ya usiku, yale ya watu tu, nayapeleka mtandaoni kama nakala ya pili endapo mwizi ataondoka na kamera yenyewe. Tukio la sekunde 20 ni megabaiti 3. Hata yakiwa 40 kwa siku, ni 120 tu.

Kadi nayo isiwe yoyote. Kadi ya kawaida ya simu niliyoanza nayo ilichoka baada ya wiki kadhaa, kwa kuwa kamera huandika juu yake bila kupumzika. Zipo zilizotengenezwa kwa kazi ya kurekodi mfululizo, maelezo yake husema hivyo kwenye kifungashio. Nunua hiyo, na mara moja kwa mwezi fungua rekodi ya juzi uhakikishe ipo. Nimeshasikia zaidi ya mtu mmoja aliyegundua kadi imekufa siku aliyoihitaji.

Mambo matatu ya mipangilio yalibadilisha kila kitu kwangu. La kwanza ni fremu, yaani zile picha moja moja zinazounda video. Kamera ilikuja ikitoa fremu 25 kwa sekunde, nikaishusha hadi 15. Mtu anayetembea getini si mpira wa miguu, 15 zinatosha kabisa. La pili ni kile kikomo cha megabiti, na hasa usiku. Giza huifanya kamera ione chenga chenga kwenye picha, na kamera haijui kwamba chenga si kitu. Inazibana kama vile ni mwendo, na mkondo unavimba. Mvua na wadudu wanaoruka karibu na taa za infraredi, zile zenye mwanga usioonekana kwa macho unaoisaidia kamera kuona gizani, hufanya vivyo hivyo. Utando wa buibui mbele ya lenzi ulinipa usiku mmoja arifa zisizohesabika, na sasa kitambaa laini kiko karibu na ngazi. Ukiweka kikomo, mkondo hauvimbi, picha inapungua ubora kidogo badala ya kuganda. Mimi picha yenye ukungu inayotembea naichukua kuliko picha safi iliyokufa.

La tatu halionekani kwa urahisi. Video haitumi picha kamili kila mara. Hutuma picha moja kamili, kisha mabadiliko tu, hadi picha kamili nyingine. Unapofungua simu, unasubiri ile kamili ijayo. Kama kamera imepangwa kuituma kila baada ya fremu 150 na una fremu 15 kwa sekunde, unaweza kusubiri hadi sekunde 10 ukiangalia kiduara. Tuliiweka kila fremu 30, kwa hiyo kusubiri hakuzidi sekunde 2. Kwa mtu aliyewahi kukaa na simu sikioni akimsikia mama yake akihema, sekunde hizo 8 zina uzito.

Sasa Wi-Fi, maana watu huichanganya na intaneti, nami nilikuwa mmoja wao. Wi-Fi ni njia ya kutoka kamera hadi ruta. Intaneti ni njia ya kutoka ruta kwenda duniani. Moja ikiwa nzuri haiponyi nyingine. Kamera ya pili ilipofungwa getini, mkondo ulikuwa bado unakatika ingawa tulikuwa tumepunguza kila kitu. Mdogo wangu aliangalia nguvu ya mawimbi ndani ya programu ya kamera ikasoma -78 dBm. Namba hizi ni hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora: -50 ni nzuri sana, -67 inatosha video, ikipita -75 tegemea matatizo. Ruta yangu ilikuwa sakafuni nyuma ya kabati la chuma. Tukaipandisha juu ya rafu, upande wa dirisha linalotazama geti. Tukaweka kamera kwenye masafa ya 2.4 GHz, ambayo hupenya kuta vizuri kuliko 5 GHz, na tukachagua chaneli 11 kwa kuwa majirani wengi walikuwa kwenye 1 na 6. Ikasoma -64. Hatukununua kitu chochote siku hiyo.

Kamera ya pili naipa nyota 4. Moja naiondoa kwa sababu ya programu yake ya simu, ambayo kila ukiifungua hukusukumia usajili wa kulipia hifadhi kabla ya kukuonyesha geti. Saa nane usiku sihitaji tangazo.

Ya tatu ni ya betri, kwa mlango wa nyuma ambako hakuna soketi. Nitaizungumzia kwa ufupi. Kamera za betri hulala. Kihisi cha joto kikigundua mtu, kinaiamsha, na kuamka kwake kwangu ni sekunde 3 hadi 4. Mtu anayekatiza haraka namwona mgongo. Hairekodi mfululizo, na ukiitazama moja kwa moja mara nyingi betri inaisha upesi. Kwa intaneti nyembamba ina faida yake: mchana kutwa haitumi kitu. Kwa mlango ambao hupitiwa na watoto na paka, inatosha. Kwa geti, hapana. Nyota 3.

Miezi sita iliyopita mdogo wangu alivuta waya kutoka kwenye ruta hadi getini, mita 22, na tukabadilisha kamera ya Wi-Fi ikawa ndugu yake wa waya, mtengenezaji yuleyule, lenzi ileile. Waya huohuo wa mtandao unabeba na umeme. Kanuni ya IEEE 802.3af inaruhusu hadi wati 15.4 kutoka kwenye swichi (si ya taa, ni kisanduku cha mtandao kinachogawa nyaya na umeme wake), na urefu unaweza kufika mita 100. Tangu siku hiyo mkondo haujakatika kwa sababu ya mawimbi hata mara moja. Lakini nasisitiza, waya haukuongeza hata kilobiti moja kwenye kasi ya kupakia. Anayekuuzia waya kama dawa ya intaneti nyembamba, mwulize tena lile swali la mdogo wangu. Faida nyingine niliigundua umeme ulipokatika. Zamani kamera ilizimika, ruta ikazimika, mama akabaki gizani na mimi nikabaki sijui lolote. Sasa ruta na swichi ziko kwenye betri moja ya akiba, na kwa kuwa kamera inakula umeme kupitia swichi, zote tatu zinabaki hai.

Nimebakiza jambo la usalama wa kamera yenyewe, na hapa sitaki kuwa na upole. Mwaka 2016 kirusi kilichoitwa Mirai kilizunguka mtandaoni kikijaribu orodha fupi ya majina na nywila za kiwandani kwenye kamera, ruta na mashine za kurekodi. Hakikuhitaji ujanja mwingine. Vifaa vingi mno vilifunguka, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo vilitumika kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikivielekeza vifaa vya watu kwenye anwani za tovuti, hadi tovuti kama Twitter na Netflix zikawa hazifikiki kwa saa kadhaa kwa watu wengi Marekani na Ulaya. Wenye kamera hawakujua. Tangu tarehe 29 Aprili 2024 Uingereza imepiga marufuku kwa sheria kuuza vifaa vya nyumbani vya intaneti vyenye nywila moja ya kiwandani inayofanana kwa wote. Popote ulipo, kamera isiyokulazimisha kuweka nywila yako siku ya kwanza usiilete nyumbani. Angalia pia kama mtengenezaji bado anatoa masasisho ya programu yake. Tuliweka kamera zetu kwenye mtandao wa wageni wa ruta, ili mtu akiingia kwenye kamera asiikute kompyuta ya nyumbani.

Fundi wa kwanza niliyemwita, kabla ya mdogo wangu, alitaka "kufungua poti" kwenye ruta ili niifikie kamera nikiwa nje. Ashukuriwe Mungu haikuwezekana. Mtoa huduma wangu anawagawia wateja wengi anwani moja ya nje. Utaijua hali hiyo ukiona kwenye ukurasa wa ruta kwamba anwani yake ya nje iko kati ya 100.64 na 100.127, masafa yaliyotengwa kwa kazi hiyo mwaka 2012. Kwenye mtandao wa namna hiyo kufungua poti hakusaidii kitu, na hata pale kunakowezekana ni kuacha mlango wazi kwa wazungukaji kama Mirai. Chagua kamera inayotoka yenyewe kwenda kuonana na simu yako kupitia seva ya mtengenezaji, au ruta yenye VPN, yaani njia iliyofungwa ya kuingia kwenye mtandao wa nyumbani ukiwa nje, kama una mtu wa kukusaidia kuipanga.

Kama hujaamua mtengenezaji, tafuta pia neno ONVIF kwenye karatasi. Ni kanuni ya pamoja iliyoanzishwa mwaka 2008 na Axis, Bosch na Sony ili kamera za huyu ziongee na mashine za kurekodi za yule. Kamera yangu ya kwanza haikuwa nayo, na ndiyo maana leo iko ndani ya boksi badala ya kurekodi kwenye mashine ndogo sebuleni, mahali ambapo megabiti zake 8 zisingemwumiza mtu.

Na uielekeze chini. Ya kwetu ilikuwa inachukua nusu ya kibaraza cha jirani, jirani yuleyule aliyetoka na tochi. Nilimwonyesha picha, nikaficha upande wake kwa kivuli cheusi ambacho kamera nyingi zinacho kwenye mipangilio, na kipaza sauti nikakizima.

Juzi nilikuwa zamu. Saa tisa kasoro robo nikafungua simu kwenye korido, picha ikaja ndani ya sekunde mbili: geti, taa, mti unatikiswa na upepo. Mama alikuwa macho, maana baada ya dakika moja aliniandikia, "Umeona? Ni upepo tu." Naye siku hizi anafungua mwenyewe akiwa kitandani. Kamera ya nyuma bado ni ile ya betri. Mdogo wangu ameahidi kuvuta waya wa pili mwezi ujao, na nimeshampimia: mita 14 kutoka kwenye swichi hadi juu ya mlango.